Kaseti Ile Usiitupe

Wandugu wa Bunia, ninyi mama na papa, nanyi vijana wa Mudzipela, Nyakasanza, Lumumba, Saio, Bankoko na Ngezi, nina ombi moja kwenu. Chini ya kitanda, juu ya kabati au ndani ya sanduku la bati huenda kuna kaseti ya video ya zamani, VCD yenye mikwaruzo, au flashi iliyojaa filamu ambazo mtu fulani amezisemea kwa lugha tunayoielewa, sauti yake ikifunika sauti za waigizaji. Msiitupe. Msirekodi harusi juu yake. Watoto wasivute utepe wake kufungia mipira ya makaratasi. Aliyesema ndani ya kaseti ile alikuwa fundi, na huenda hiyo ndiyo alama pekee iliyobaki ya kazi yake.

Ninazungumzia kazi za mashabiki: watu waliopenda filamu ya wengine hata wakaishika, wakaikata, wakaipanga upya au wakaipa sauti nyingine, kisha wakawarudishia wenzao ikiwa na ladha mpya. Kampuni iliyotengeneza filamu haiwajui. Vitabu vya sinema haviwataji, au vinawapitia kwa mstari mmoja. Basi wa kuwakumbuka ni sisi tuliokaa kwenye benchi tukacheka.

Tuanze mbali kidogo, tuone wenzetu walivyofanya.

Marekani, mwaka 1982. Kijana wa miaka 21 aitwaye Jim Kaposztas alikuwa na deki mbili za video na mapenzi makubwa kwa katuni za Kijapani. Televisheni za kwao zilikuwa zimeonyesha Star Blazers, toleo la Kiingereza la hadithi ya manowari Yamato iliyoanza kuonyeshwa Japani mwaka 1974: meli ya kivita inayoruka angani kwenda kutafuta kifaa cha kuisafisha dunia iliyoharibiwa. Kaposztas alichomoa vipande vyenye milipuko na mauaji kuliko vyote, akavipanga juu ya wimbo wa Beatles, All You Need Is Love, ambao habari yake ni upendo mwanzo hadi mwisho. Mabomu yanalipuka, waimbaji wanasifu upendo. Mashabiki wanaihesabu kazi hiyo kuwa ya kwanza ya aina yake: video ya muziki iliyotengenezwa na mshabiki kwa picha za katuni za Kijapani, zile ambazo vijana wa leo wanaziita AMV. Mji ambao umesikia risasi nje huku redio ya jirani ikiendelea kupiga rumba hauhitaji kufafanuliwa kichekesho hicho.

Tazameni na ufundi wenyewe. Deki ya kwanza inacheza, ya pili inarekodi, waya katikati. Hakuna kompyuta. Unatafuta kipande unachokitaka, unakirudisha nyuma kidogo kwa sababu mashine haishiki mwendo papo hapo, unazisimamisha deki zote mbili kwa kitufe cha pozi, unahesabu moyoni, unaziachia pamoja. Ukichelewa nusu sekunde mdundo umeshapita, unarudi mwanzo. Kipande cha sekunde 3 kinaweza kula jioni nzima. Tena kila unaponakili kutoka kaseti hadi kaseti, picha inapauka. Leo kijana anakaa juu ya pikipiki yake akingoja mteja, anakata Naruto kwa kidole juu ya wimbo wa Fally Ipupa, na kabla mteja hajafika video iko WhatsApp. Sisemi hayo kumdharau wa leo. Mkono wake mwepesi umetokana na mikono ile mizito. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lakini kwa nini jina la Kaposztas limefika mpaka huku? Kwa sababu wenzake waliliandika. Tangu mwaka 1977 mashabiki wa Los Angeles walikuwa na chama chao cha katuni za Kijapani, C/FO, na kadiri miaka ilivyokwenda watu walikutana, wakaazimana kaseti, wakatumiana kwa posta. Mwaka 2000 wakafungua katika intaneti orodha kubwa ya video hizi: nani alitengeneza, kwa katuni gani, kwa wimbo gani. Hata waliotangulia katika kazi za jirani hawakuachwa. Mama mmoja, Kandy Fong, mwaka 1975 alikuwa ameonyesha slaidi za Star Trek zikibadilika kwa kufuata wimbo, na mpaka leo mashabiki wanamtaja kama mama wa kazi hiyo. Hakuna waziri aliyewaagiza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wale waliweka daftari.

Sasa turudi kwetu. Mshabiki wa Afrika ya Mashariki alianza kwa mdomo. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, Kihindi na Kichina. Bruce Lee alipiga watu vizuri sana, ila mtazamaji hakujua wanagombea nini. Ndipo akajitokeza mtu wa kusema. Tanzania, jina linalotajwa kwanza ni Lufufu. Hilo ndilo jina la kazi la Derek Mukandala, mwanajeshi wa zamani aliyewasemea Watanzania filamu za kigeni kwa Kiswahili, kaseti zake zikaenea, na waliomfuata wakajipima kwake. Kampala wakainuka akina VJ Jingo na VJ Junior kwa Luganda. Kenya yuko DJ Afro na Kiswahili chake cha mitaani. Hawa ndio Kaposztas wetu. Yeye aliacha picha za wenyewe akaziwekea wimbo mwingine. Wao waliacha picha za wenyewe wakaziwekea maneno mengine.

Na hapa ndipo pananiuma. Anayetaka kusoma habari za Lufufu kwa kirefu, inambidi afungue kitabu cha Kiingereza kilichochapishwa Indiana, Marekani, mwaka 2015, kilichoandikwa na mtafiti Mjerumani, Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz. Tunamshukuru sana mzee huyo. Lakini Kiswahili kile kilikuwa chetu na kicheko kilikuwa chetu, na daftari liko kwa wengine.

Kuna wanaodhani msemaji ni mkalimani tu. Hapana. Msemaji hodari hatafsiri neno kwa neno, maana mara nyingi hata hiyo lugha ya filamu haielewi yote. Anaitazama filamu kabla, anajua nani atakufa na nani atasaliti. Waigizaji wanapoongea anashusha sauti ya filamu na kupandisha yake. Risasi zikianza anazirudisha, kwa kuwa watu wamelipia risasi pia. Anampa mwovu jina la utani. Anaeleza kwa nini Mhindi anaimba wakati wa kulia. Na akiona benchi limeanza kusinzia anatupa neno la nyumbani: “Muangalie ule, iko nakimbia sawa mwenye kudaiwa franga ku butiki!” Hapo watu wanaamka wote, na yule mwigizaji wa Hong Kong amekwisha kuwa jirani yetu wa mtaa wa pili. Kazi ya namna hiyo inataka sikio, akili na ujasiri. Na ilifanywa usiku, jenereta likinguruma ukutani, kwa malipo ambayo mara nyingine yaliishia kwenye petroli.

Wala si jambo geni lisilo na ukoo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri, milimani katika nchi ya Tanganyika, Waingereza walitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo na afya. Filamu zenyewe zilikuwa bubu, sauti ikitoka kwenye sahani za santuri na kwa wasemaji. Miaka ya 1950 padri Mbelgiji Albert Van Haelst alitengeneza kule Kasai vichekesho vya Matamata na Pilipili, ambavyo wazee wa Kongo wanavikumbuka hata leo. Jina la padri limeandikwa. Majina ya wasemaji Waafrika waliosimama kando ya mashine za sinema za wakoloni, wakieleza kwa lugha za watu kinachoonekana pale mbele, ni wangapi wanaoweza kuyataja? Kosa hilo lilifanywa na wengine. La kaseti litakuwa letu.

Japani yenyewe, nchi ya katuni hizi, ina somo la kutufaa. Zamani za filamu bubu Wajapani walikuwa na wasemaji wao, benshi, waliosimama kando ya kitambaa cha sinema na kusema sehemu za waigizaji wote. Watu waliingia ukumbini kwa ajili ya msemaji kuliko kwa ajili ya filamu. Filamu zenye sauti zilipoingia miaka ya 1930, kazi ikawafia mikononi. Kaka yake Akira Kurosawa, yule mwongozaji mkubwa wa filamu, alikuwa benshi; alijiua mwaka 1933. Ufundi ule ungezikwa kabisa kama asingekuwepo mtu kama Matsuda Shunsui, benshi aliyezunguka baada ya Vita Vikuu vya Pili akikusanya filamu bubu zilizosalia na kuendelea kuzisemea mbele ya watu. Mwanafunzi wake, mama Sawato Midori, aliipokea kazi akaiendeleza, na leo benshi wapya wanafundishwa. Mtu mmoja aliyeamua kukusanya aliuokoa ufundi wa nchi nzima.

Uganda, jirani zetu wa mlango wa mbele, wana kisa kinachotuhusu zaidi. Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya mapigano, Who Killed Captain Alex?, kwa fedha kidogo mno na kompyuta aliyoiunga mwenyewe. Kompyuta haikuwa na nafasi ya kuhifadhi kila kitu. Filamu ikiisha, mafaili yanafutwa ili inayofuata ipate pa kukaa. Filamu ile ilipokuja kujulikana dunia nzima, toleo lake la asili lilikuwa limekwisha kupotea. Kilichobaki ni toleo ambalo VJ Emmie alikuwa amelisemea, akitania na kushangilia mwanzo hadi mwisho, nalo ndilo watu wa mabara yote wanalolitazama. Fikirini: kazi ya msemaji, ambayo wengi waliihesabu kuwa kelele juu ya filamu, ndiyo iliyoiokoa filamu. Tena wageni wamempenda Emmie kiasi kwamba bila sauti yake wanaona filamu haina chumvi.

Na Bunia je? Sisi tulipokea sauti kutoka pande zote. Bidhaa za Uganda hutufikia kwa njia ya Mahagi na Aru, na kwa mitumbwi ya Ziwa Albert hadi Kasenyi. Pamoja na sabuni na nguo zilikuja filamu. Televisheni za Kifaransa nazo zilileta katuni za Kijapani: Goldorak, Dragon Ball, na Olive et Tom, ambayo kwa Wajapani ni Captain Tsubasa na ambayo imewafanya watoto wengi wa Kongo waamini kwamba uwanja wa mpira hauna mwisho. Halafu wengi wenu mnamkumbuka yule wa mtaani kwenu: kijana au mzee aliyekaa karibu na televizyo na kueleza filamu kwa Kiswahili chetu hiki cha Ituri, wakati mwingine kwa kipaza sauti, wakati mwingine kwa koo tupu. Benchi lile halikuuliza kabila. Mhema, Mlendu, Mualuri, Mbira na Munande walicheka mzaha uleule kwa wakati uleule, jambo ambalo mikutano mingi ya amani imelitafuta kwa jasho.

Kisha ikaja vita. Mei 2003 mji wetu ulipiganiwa nyumba kwa nyumba. Mwezi uliofuata wakaingia askari wa Ulaya wa operesheni Artemis. Waliokimbia walibeba watoto, sufuria na karatasi za shule. Hakuna aliyebeba kaseti, wala hakuna wa kumlaumu. Maduka yaliporwa, nyumba za video zikafungwa, mashine zikaenda na waporaji. Kilichosalimika baada ya hapo kimeendelea kuliwa na joto la mabati, panya na ukungu. Na wakati unatubana upande mwingine pia: kampuni ya mwisho duniani iliyokuwa ikitengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha kuzitengeneza Julai 2016. Kila deki inayokufa leo haina mrithi. Siku ya mwisho inaweza kufika kaseti ikiwa nzima kabisa na kusiwe na mashine ya kuichezesha.

Najua maneno yatakayosemwa, na ni ya haki, kwa hiyo niyajibu.

Wa kwanza atasema: wale walikuwa wezi, filamu hazikuwa zao. Ni kweli kwamba Kongo ina sheria ya haki za mtunzi, ile namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na hakuna anayeomba ivunjwe. Siwaombi mfungue duka la filamu za watu. Ninaomba kopi za kumbukumbu, zisizouzwa, zikae mahali pa kusomea. Japani kwenyewe, tangu Desemba 1975 mashabiki hukusanyika Tokyo kwenye soko linaloitwa Comiket kuuziana vitabu vya katuni walivyochora wenyewe kwa kutumia wahusika wa wengine, na makampuni kwa sehemu kubwa hunyamaza, kwani yanajua mshabiki wa leo ndiye mnunuzi na mchoraji wa kesho. Na sauti ya msemaji, hiyo haikuibwa popote. Ilitoka kwenye koo lake.

Wa pili, pengine mchungaji au mwalimu, atasema nyumba za video ziliharibu watoto. Wapo walioharibika humo. Wapo waliotoroka darasa wakaonyeshwa yasiyofaa. Kukumbuka hakufuti hayo. Kama filamu fulani haikuwafaa watoto, iandikwe hivyo kwenye daftari. Daftari la kweli huandika na aibu pia.

Wa tatu atasema: mkoa uko chini ya hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021, wandugu zetu wa Djugu na Irumu wanalala kambini, nawe unatuletea habari za kaseti? Ndugu, chakula kwanza, usalama kwanza, sina ubishi. Lakini kaseti hazisubiri amani. Tena watu waliopoteza nyumba na mashamba wana haki ya kutoongezewa hasara ya kupoteza hata kilichowachekesha. Kazi ninayoiomba haichukui mkate wa mtu. Inachukua jioni moja ya Jumapili na bei ya flashi chache.

Haya, kazi yenyewe ni hii.

Kwanza, kaseti. Itoe, ifute vumbi, itazame kupitia kidirisha chake. Ukiona unga mweupe kando ya utepe, huo ni ukungu: usiitie kwenye deki, itachafua kichwa cha mashine na kuziambukiza nyingine, itenge ndani ya mfuko mkavu mpaka apatikane fundi. Kama ni safi, vunja kile kijino cha plastiki kilichoko mgongoni mwake. Kikishavunjika, deki haiwezi tena kurekodi juu yake, hata mtoto akibonyeza kwa bahati mbaya. Isimamishe wima kama kitabu, mbali na jua, mbali na bati, na mbali na spika kubwa, kwa kuwa sumaku yake inaweza kudhuru utepe. VCD ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha.

Pili, kopi. Mafundi wetu wa televizyo na vijana wa kompyuta wanaweza kuunganisha deki na kompyuta kwa kifaa kidogo cha kunasa picha. Kaseti ya saa 2 inanakiliwa kwa saa 2, hakuna njia ya mkato, kwa hiyo subirini siku ambayo umeme hauchezi. Anayekosa kifaa hicho asikate tamaa: achezeshe kaseti, aisimamishe telefoni mbele ya televizyo, karibu na spika. Picha itakuwa mbovu. Sauti ya msemaji, ambayo ndiyo tunayoitafuta, itapatikana. Kisha kopi ziwe 3, na angalau moja ikae nyumba nyingine. Flashi moja ni ahadi isiyo na shahidi.

Tatu, daftari. Hapa hata asiye na kaseti ana mchango. Andika jina la filamu kama watu walivyoliita mtaani, jina la msemaji, lugha aliyosemea, mtaa na miaka ambayo ilionyeshwa, na nani anayekumbuka. Usipojua mwaka, andika kama tunavyohesabu wenyewe: kabla ya vita, wakati wa vita, baada ya Artemis. Kama msemaji yu hai, mwendee. Mpe kiti, mwulize alianzaje, nani alimfundisha, alilipwa nini, mashine ilikuwa ya nani, filamu gani watu walidai irudiwe. Mrekodi kwa telefoni kwa ruhusa yake. Mimi sitaandika hapa jina la mtu yeyote wa mtaani. Majina hayo yana wenyewe, na mwenyewe au mtoto wake ndiye wa kuamua litajwe wapi. Msiwasahau wanawake: mama waliokusanya franga mlangoni, waliouza karanga na chai, na wale waliokuwa wakisemea filamu za Kihindi nyumbani kwa majirani bila mtu kuwaita mafundi.

Nne, pa kuweka. Hapa nawageukia wenye nyumba kubwa. Maktaba ya Université Shalom, maktaba ya ISP, chuo cha walimu, na ya Chuo Kikuu cha Bunia, tunawaomba kabati moja na kompyuta moja. Wanafunzi wenu wanatafuta mada za kazi za mwisho wa masomo kila mwaka, na mada hii haijaguswa. Walimu wa historia na wa lugha, wapeni vijana kazi ya kumhoji mzee mmoja kila mmoja. Redio za mji, nafasi ya nusu saa kwa wiki ingetosha: pigeni kipande cha sauti, ulizeni wasikilizaji huyu ni nani. Nina hakika simu zitaingia kabla kipande hakijaisha. Wenye nyumba za video zinazofanya kazi hadi leo, bandikeni ukutani karatasi yenye majina ya waliowatangulia.

Nanyi vijana mnaotengeneza AMV kwenye telefoni, ninyi ndio warithi halali wa jambo hili, ingawa pengine hamjawahi kuambiwa. Wekeni jina lenu, mji wenu na mwaka mwishoni mwa kila video. Andikeni katuni imetoka wapi na wimbo ni wa nani. Msiishie kuiacha kwenye WhatsApp, ambako ikishapita siku chache inafutwa ili telefoni ipumue. Na jaribuni hili: chukueni sauti ya msemaji wa zamani wa Bunia, iwekeni juu ya katuni mnayoipenda ninyi, kisha mwonyesheni yeye mwenyewe au jamaa zake. Naruto akisemewa na mzee wa Nyakasanza, hapo ukoo utakuwa umeungana.

Walioko mbali, Kampala, Nairobi, Brussels au Montréal, mna deki na intaneti nzuri kuliko zetu, na baadhi yenu mliondoka na kaseti sandukuni kwa ajili ya kujikumbusha nyumbani. Nakilini, tumeni kopi. Ya asili bakini nayo, ilindeni.

Hatuhitaji kuunda shirika, wala kungoja mfadhili na kikao cha ufunguzi. Mashabiki wa Amerika hawakungoja, Matsuda wa Japani hakungoja. Jumapili hii baada ya ibada, mkiwa mezani, muulizeni aliye mkubwa kuliko wote nyumbani: mtaani kwetu nani alikuwa anasema filamu? Atataja jina, pengine atacheka kabla ya kulitaja. Liandike jioni ileile, na mtaa wake, na filamu yake. Jumatatu mpelekee jirani daftari lako aongeze la kwake.